Gari la Kikundi: Nta Mara kwa Mara, Polishi Mara Chache

(Maneno haya yalisemwa na fundi wa rangi za magari katika semina ya vikundi vya kujisaidia, ukumbini mwa kanisa. Tumeyaandika kama alivyoyasema, ila tumepunguza marudio. – Mhariri)

  

 Niliambiwa nizungumze juu ya utunzaji wa gari la kikundi. Hiyo ni kazi kubwa. Injini ina mwenyewe atakayekuja baada ya chakula cha mchana, na tairi atazisema yeye. Mimi ni mtu wa rangi, kwa hivyo nitasema rangi peke yake. Na katika rangi nitashika swali moja, ambalo waweka hazina wawili wameniuliza hata kabla sijaketi: je, gari lipigwe polishi na kupakwa nta kila baada ya muda gani?

Ndugu zangu, swali hilo lina vitu viwili ndani yake, nasi tumezoea kuviita jina moja. Mtu akiona gari linang'aa husema, "Limepigwa polishi." Haulizi ni polishi gani. Na hapo ndipo vikundi vingi vinapoteza pesa.

Hebu nichukue mfano wa nyumbani. Akina mama hapa wanalijua lile jiwe la kusugulia kisigino. Ukisugua, ngozi ngumu inatoka, mguu unakuwa laini. Halafu kuna mafuta ya kujipaka. Mafuta hayatoi kitu, yanakaa juu ya ngozi na kuikinga na upepo na jua. Sasa, mafuta unajipaka kila siku. Jiwe je? Ukisugua kisigino kwa jiwe kila asubuhi, utafika kwenye nyama! Basi polishi ni lile jiwe. Nta ndiyo mafuta. Polishi ina unga mwembamba sana wa kukwaruza, na kila ukiipiga inaondoa rangi kidogo. Ile dawa nzito ambayo mafundi wa jua kali huiita kompaundi ni jiwe lenye meno zaidi. Nta haiondoi chochote, inaongeza kifuniko juu.

Nitawaambia kisa changu, na msinicheke sana. Mapema miaka ya 1990, kabla sijajifunza kazi hii, nilikuwa dereva wa kikundi chetu kule nyumbani. Tulikuwa watu 32, wengi wao akina mama. Tulichanga miaka minne, tukauza maembe, tukafanya harambee, mwishowe tukapata pikapu iliyokwisha kutumika, rangi yake buluu. Siku ilipoingia kijijini tulipigiwa vigelegele tangu barabarani. Mimi nikakabidhiwa ufunguo.

Niliipenda ile pikapu. Kila Jumamosi jioni niliiosha, halafu nikachukua mkebe niliokuwa nimenunua dukani, nikasugua mpaka jasho likanitoka. Jumapili ikifika kanisani watoto walikuwa wakijitazama meno kwenye mlango. Kikundi kilifurahi. Katika mkutano ikaamuliwa, na ikaandikwa kitabuni, kwamba dereva apewe pesa ya polishi kila mwezi.

Ule mkebe ulikuwa kompaundi. Mwenye duka simlaumu. Nilimwomba kitu cha kung'arisha gari, naye akanipa kitu cha kung'arisha gari. Kila niliposugua, kitambaa kiligeuka buluu. Nilidhani ni uchafu unaotoka. (Kicheko.) Ilikuwa ni rangi ya akina mama ninayoifuta na kwenda kuikamua kwenye karai. Mwaka wa pili, kwenye ukingo wa bonneti na juu ya madigadi, ukatokea mstari wa kijivu. Hiyo ndiyo praima, yaani rangi ya chini kabisa. Mimi nikaona ni doa, nikaongeza bidii. Mvua za masika zilipokuja, ule mstari ukageuka kuwa kutu.

Tulipotaka kuiuza ili tununue gari kubwa kidogo, mnunuzi aliizunguka mara moja, akapitisha kidole kwenye bonneti, akataja bei ya chini sana. Injini ilikuwa nzima. Alisema wazi kwamba anakata gharama ya kupaka rangi upya gari zima. Pesa aliyokata ndiyo tuliyokuwa tumeipangia tangi la maji. Basi kwenye mkutano, mama mmoja wa umri mkubwa, ambaye mchango wake alikuwa akiuleta umefungwa kwenye ncha ya leso, aliniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, si tulikuwa tunakupa pesa ya polishi kila mwezi?"

Sikuwa na la kusema. Mwenyekiti alifungua kitabu, na kweli ilikuwa imeandikwa mwezi kwa mwezi, na sahihi yangu pale chini. Hakuna aliyeiba hata senti. Tulikuwa tumelipia uharibifu, kwa risiti.

Ndiyo sababu nilikwenda kujifunza rangi. Na jambo la kwanza nililofundishwa gerejini lilinifanya ninyamaze. Fundi alichukua karatasi moja ya daftari, akaniambia, "Rangi yote ya gari lililotoka kiwandani, ukijumlisha praima, rangi yenyewe na vanishi ya juu, unene wake ni kama karatasi hii." Ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, pengine zaidi kidogo. Na ile vanishi ya juu isiyo na rangi, ambayo magari mengi ya siku hizi yanayo, ni chini ya nusu ya karatasi hiyo. Unywele wa kichwani mwako unaweza kuwa mnene kuliko vanishi ya gari lako. Ndani ya vanishi hiyo kiwanda kimetia dawa ya kuzuia mionzi ya jua. Ukiisugua ikawa nyembamba mno, jua linaingia mpaka ndani, na vanishi inaanza kuwa nyeupe na kuchunika kama nyoka anayejivua gamba. Ikifika hapo hakuna polishi wala nta itakayoirudisha. Ni kupaka upya.

Tena kumbukeni tunaishi kwenye ikweta, na wengi wetu tuko milimani. Kila ukipanda mita 1,000, ile mionzi inayounguza huongezeka kwa karibu asilimia 10. Gari la kikundi halilali ndani ya gereji. Linalala nje, linashinda sokoni bila kivuli.

Jambo lingine. Pikapu zetu nyingi zinaletwa kutoka Japani zikiwa zimetumika. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Kwa hiyo gari likifika kwako lina miaka kadhaa, na ni nani ajuaye limesuguliwa mara ngapi? Wauzaji hulisugua ili ling'ae uwanjani. Usihesabu kana kwamba una karatasi nzima. Pengine umepewa nusu karatasi.

Sasa nijibu swali. Nta, ipakeni kila baada ya miezi mitatu. Kama gari linashinda juani kutwa au linapita kwenye vumbi kila siku, bonneti na paa zipakwe kila baada ya miezi miwili, maana huko ndiko jua linakogonga. Ndugu zetu walioko pwani, kwenye upepo wa chumvi, nao wafuate hiyo miezi miwili. Polishi laini, isizidi mara moja kwa mwaka, na mwaka ukifika gari bado linang'aa, ruka. Usipige polishi kwa sababu tarehe imefika. Kompaundi, msiipange kabisa kwenye bajeti. Hiyo ni dawa ya hospitali, inatolewa kwa mgonjwa: rangi imefifia, imekuwa kama imepakwa chokaa, au ina mikwaruzo mingi. Na ipigwe na mtu anayeijua kazi, maana kwenye kingo na mikunjo ya bodi rangi ni nyembamba kuliko mahali pengine, na mashine ya kusugulia ikikaa hapo kidogo tu inafika kwenye praima.

Nikisema miezi mitatu sisemi kama sheria. Gari lenyewe litawaambia. Likiwa safi, mwagieni maji kwenye bonneti. Maji yakijikusanya matone matone yaliyosimama, kama umande kwenye jani la nduma, nta ipo. Yakitandaa yote kama maji juu ya saruji, nta imekwisha. Hilo mtoto wa shule anaweza kulipima, na halina gharama.

Na kwa mikwaruzo pitisha ukucha. Ukucha ukikwama ndani ya mkwaruzo, basi mkwaruzo huo umekwenda chini sana, na polishi haitautoa. Utakuwa unakula rangi ya pembeni ukitafuta chini ya shimo. Kama chuma kinaonekana, weka praima na rangi kidogo kwa brashi ndogo kabla kutu haijaingia, hata kama haitapendeza macho. Doa baya linashinda tundu.

Kuna anayejiuliza, nitajuaje kama gari letu lina vanishi ya juu au ni rangi tupu? Chukua kitambaa cheupe, tia polishi kidogo, sugua mahali pasipoonekana, kwa mfano ndani ya mlango. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, hakuna vanishi. Ila wengi wenu mna pikapu nyeupe, na kitambaa cheupe hakitawaambia lolote. (Kicheko.) Tumieni cheusi. Pikapu nyingi nyeupe za kazi hazina vanishi. Hizo zinavumilia polishi kidogo kuliko nyingine, lakini kila ukisugua bado unapunguza. Wenye rangi nyekundu isiyo na vanishi wawe macho zaidi, maana huchakaa haraka juani mpaka gari linakuwa kama waridi.

Sasa kazi yenyewe. Osha kwanza, na hapa ndipo madereva wetu wanapokosea kila asubuhi. Gari lina vumbi, dereva anachukua kitambaa kikavu anapangusa. Ndugu yangu, vumbi la barabara zetu ni mchanga. Umepiga msasa! Mwagia maji mengi kwanza, udongo uteremke wenyewe. Anza paa, malizia chini. Uwe na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuza kitambaa. Tumia sabuni ya maji isiyo kali. Sabuni ya unga ya kufulia inaondoa nta, kwa hiyo ukiosha nayo kila wiki usishangae nta kwisha kabla ya mwezi. Jivu na waya wa chuma viacheni jikoni kwa sufuria.

Halafu peleka gari kivulini, ungoje bodi ipoe. Nta ikipakwa juu ya bati la moto inagandia, na kuitoa ni kazi ya kuvunja mkono. Chota kidogo kama punje ya mahindi kwenye sponji, paka bonneti peke yake, nyembamba, usiogope kwamba huoni kitu. Ngoja ipige ukungu. Pitisha kidole, kikiacha njia safi futa kwa fulana kuukuu ya pamba iliyooshwa, isiyo na vifungo. Endelea na mlango, kisha mwingine. Ukipaka nene unatupa nta, haikingi zaidi. Mkebe mmoja ukipakwa hivyo utawafaa muda mrefu. Na kama ni ile siku ya polishi, nta ifuate siku hiyo hiyo. Polishi ikipigwa bila nta ni kumsugua mtu visigino na kumwacha atembee peku.

Kikundi kimoja cha ufugaji nyuki, nawaona pale nyuma, waliniuliza: "Sisi tuna nta yetu ya nyuki, kwa nini tununue ya dukani?" Ni swali zuri, na nilijaribu mwenyewe. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Saa saba mchana, bonneti ya rangi nyeusi inaweza kupita nyuzi 70. Kwa hiyo nta yenu inalainika, inanata, vumbi linaingia ndani yake na kukaa. Zile nta nzuri za magari hutengenezwa kwa nta ya majani ya mti mmoja wa Brazil unaoitwa karnauba, ambayo haiyeyuki mpaka zipite nyuzi 80. Viwanda vingine huchanganya na ya nyuki ili ipakike kwa urahisi. Ile yenu itawapa faida zaidi mkitengeneza mishumaa, au ya kupaka viatu na viti vya mbao. Msiimalizie kwenye pikapu.

Kuna nta za kutengenezwa kiwandani bila mmea wowote, na hizo hukaa muda mrefu zaidi, pengine miezi minne hadi sita. Hazina ubaya. Bado pimeni kwa maji.

Dizeli. Najua mnafanya, hata msiinamishe vichwa. Gari likipanguswa kwa dizeli au mafuta taa linang'aa kweli, kwa nusu saa. Halafu linakusanya vumbi kuliko mwanzo, na nta yote imeondoka nayo. Vilevile zile dawa za kupuliza zenye silikoni: gari linang'aa kama limeloa, lakini siku ukitaka kulipaka rangi, rangi mpya inakataa kushika, inafanya vidimbwi ambavyo mafundi huviita macho ya samaki. Mimi nimewahi kurudia paa la lori mara mbili kwa sababu hiyo.

Kinyesi cha ndege ni kitu kidogo lakini kinachoma. Kina asidi, na kwenye jua kali kinaacha alama ndani ya rangi kwa siku moja au mbili. Usikikwangue. Weka kitambaa chenye maji juu yake dakika tano, kilainike, kisha kiinue. Na utomvu wa miti ni vivyo hivyo, msiuache ukauke.

Kama mmepaka gari rangi mpya kwenye gereji za kwetu, ambako rangi hukaushwa kwa hewa, msikimbilie nta. Rangi inaonekana imekauka juu, lakini ndani bado inatoa mvuke. Ngojeni mwezi mmoja hadi mitatu, na mwulizeni fundi aliyeipaka. Maji na sabuni laini zinatosha wakati huo.

Neno langu kwa waweka hazina. Kwenye kitabu msiandike "polishi ya gari" kama walivyoniandikia mimi. Andikeni ni nini kilichopakwa, nta, polishi laini au kompaundi, na tarehe, na nani alifanya. Mkebe uletwe mkutanoni usomwe. Ukiandikwa kwamba unaondoa mikwaruzo, au ukichukua kidogo katikati ya vidole ukahisi chengachenga, huo ni mkebe wa kusugua. Chengachenga zingine ni laini mno hazihisiki, kwa hiyo maandishi yasomwe pia, kijana wa sekondari yupo, asome. Dereva akisema anataka pesa ya kung'arisha kila mwezi, msimgombeze, pengine anaipenda kazi yake kama mimi nilivyoipenda. Mwulizeni tu, "Tuonyeshe kitambaa ulichotumia."

Na vijana wa kuosha magari pale sokoni watawaambia gari linahitaji kusuguliwa. Wanalipwa kwa kila gari wanalosugua, nao wanatafuta unga kama sisi. Lakini rangi ni yenu. Mkiwa na shaka, mwagieni bonneti maji mbele yao mwone.

Mama Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi nisimalizie kwa maneno. Tokeni nje, kuna pikapu mbili za vikundi na ile ya kanisa. Vijana, chukueni ndoo mbili pale kwenye tangi. Tutamwagia zote tatu maji, na kila mtu aseme mwenyewe ipi ina nta. Ile ya kanisa naona imeegeshwa chini ya mwembe, Mchungaji, na ndege wameshaitembelea. Tutaanza na hiyo, na mlete kitambaa chenye maji.